Kona iliyosimama motoni ikapakwa rangi: jinsi nilivyoitwa muuza ndugu hapa Joburg

Wakuu, heshima kwenu wote, mlio nyumbani na mliotawanyika kama mimi.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa nachungulia nyuzi za mafundi, nauliza swali moja, nanyamaza. Leo nafungua uzi wangu kwa sababu nina hasira, na nimeibeba mpaka imeanza kunichosha mwili.

Nilichokiona kwa macho nitasema nimekiona. Nilichoambiwa nitasema nimeambiwa. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Kulikuwa na bomba la gesi lenye kona mbovu, na mtu ninayeishi naye chumba kimoja ndiye aliyepangiwa kusimama karibu nalo siku ya kulijaribu. Nililizuia. Kwa kulizuia, Waswahili wenzangu wa hapa mjini wameacha kunisalimia.

Tulieni niwaeleze.

Mimi ni mtu wa Nzega. Shule niliiachia darasa la sita, nilikuwa siwezi kukaa chini. Tangu hapo sijakaa. Tunduma nilipakia malori, Lusaka nilijifunza kuziba matairi makubwa, Harare niliishi na jamaa anayefufua friji zilizokufa. Popote nikifika nataka kujua kitu kinafanyaje kazi. Nauliza mpaka watu wananiambia wewe ni mpelelezi.

Hapa Joburg nilipata kibarua kwenye karakana moja upande wa mashariki. Ukishapita yale maduka ya Kensington unashuka kwenye eneo la viwanda, uzio mrefu, mbwa wawili, ndipo hapo. Kazi ya pale ni kupinda mabomba ya chuma kwa moto. Yale mabomba makubwa ya kusafirishia maji, gesi, mvuke.

Kabla ya hapo nilidhani bomba la chuma hupindwa kwa nyundo na matusi.

Acheni niwaeleze inavyofanyika, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nimekasirika.

Bomba linalazwa kwenye mashine. Mbele linabanwa na mkono mkubwa wa chuma unaozunguka kama mshale wa saa. Nyuma kuna jeki inayolisukuma polepole sana, ukilikodolea macho unaweza kuapa halitembei. Katikati kuna pete ya shaba tunayoiita koili. Bomba linapita ndani ya ile pete bila kuigusa.

Umeme ukipita kwenye koili, bomba lenyewe ndilo linapata moto. Huoni mwali, huoni moshi. Unaona mkanda mwembamba wa chuma unageuka mwekundu, kisha unakuwa rangi ya chungwa bivu. Hapo tu, kwenye ule mkanda, ndipo chuma kinakubali kupinda. Nyuma yake maji yanarashwa, kinakuwa kigumu tena. Kwa hiyo ulaini unatembea na bomba zima linafuata, taratibu, mpaka kona inatimia.

Siku ya kwanza nilisimama pale nikasahau kwenda kula.

Sasa kazi hii ina sheria moja inayozidi zote. Ukishaanza kona, husimami mpaka imalizike.

Umeme ukikatika katikati, ule mkanda unapoa hapo hapo ulipo. Unaacha nundu kama kovu lililolizunguka bomba. Upande wa nje wa kona, ambao sisi tunauita mgongo, chuma kimevutwa kikawa chembamba, na pale pa kovu hujui tena kimekuwa chuma cha namna gani. Kona iliyosimama motoni haitengenezwi. Inakatwa na kutupwa kwenye vyuma chakavu, basi.

Kutokana na sheria hiyo bosi akaweka nyingine. Mnaoishi huku mnajua mvua za Joburg za msimu wa joto. Asubuhi jua, mchana wingu linajikusanya kama watu wa fujo, alasiri radi, umeme huo unakwenda. Bosi alisema: wingu likianza kuunguruma, hakuna kuanza kona mpya. Ni sheria rahisi, hata mbwa wa getini wanaijua.

Jambo jingine mnalopaswa kulijua ni desturi yetu wafanyakazi.

Pale karakana karibu wote tulikuwa Waswahili. Watanzania, Wakongo, Mrundi mmoja. Bosi ni mwenyeji wa hapa, mtu wa sauti nene, na kitu kikiharibika wa kwanza kufukuzwa ni mgeni. Kwa hiyo tulikuwa na kitu tunaita kufunika. Mtu akiharibu, wengine wanafunika. Hakuna anayesema ni mkono wa nani. Mrundi wetu aliwahi kupasua mpira wa jeki, mafuta yakamwagika sakafu nzima, na bosi alipouliza, kila mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake. Yule Mrundi hakufukuzwa.

Naiheshimu desturi hiyo, msinielewe vibaya. Imewalisha watu. Mtu hana makaratasi, ana mke na watoto, utamtajaje?

Fomeni wetu ni Mtanzania, nitamwita Shaibu. Mtu wa Kigoma, amekaa hapa miaka mingi, anaongea Kizulu kama kazaliwa Soweto. Kazi anaijua. Yeye ndiye aliyetuingiza wengi pale, mimi nikiwemo. Ukitaka kazi kwa Waswahili wa mitaa yetu, unamtafuta Shaibu.

Anayeendesha mashine ni Mkongo wa Goma, nitamwita Papa Neema. Mtu mpole, ana watoto wanne, anasali kabla ya kuwasha mashine. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nafunga, nafungua, nasafisha koili, nauliza maswali. Hakuwahi kunichoka.

Tukaja siku yenyewe.

Tulikuwa na kona za bomba la gesi la kiwanda cha mikate kule Midrand. Lori la kuzichukua lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi. Ilibaki kona moja tu. Alasiri hiyo wingu lilikuwa limeshakaa juu ya paa, jeusi, na radi ya kwanza tulikuwa tumeshaisikia.

Papa Neema akavua glovu. Akasema, "Chef, ile wingu iko mubaya. Tungoje."

Shaibu akacheka. "Papa, wewe umezaliwa na volkano mlangoni, leo unaogopa wingu?"

"Volkano haikatake umeme ya mashine."

"Mvua ya Joburg ni kama mchumba wa mjini. Ahadi nyingi, haji. Washa."

Papa Neema akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Shaibu. Shaibu akasema tena, safari hii bila kucheka: "Washa, Papa. Lori halisubiri mawingu."

Nilikuwa hapo. Niliyasikia kwa masikio haya. Mshike hilo.

Papa Neema akasali, akawasha.

Kona ilifika katikati. Mkanda ulikuwa umeshakuwa rangi ya chungwa, unatembea vizuri, mpaka nikaanza kuamini tutavuka. Kisha radi ikapiga mahali karibu na kila kitu kikazima. Taa, jeki, pampu ya maji, redio ya Mrundi.

Karakana ikawa na kiza cha mvua, na katikati ya kiza hicho ule mkanda mwekundu umebaki peke yake. Ukawa damu ya mzee. Ukawa kahawia. Ukapotea.

Papa Neema akavua kofia kama yuko msibani.

Shaibu akaniambia nikafunike mabomba ya nje kwa turubai. Nikaenda, nikalowa. Umeme haukurudi, tukaruhusiwa kuondoka. Moyoni nilijua ile kona imekwenda kwenye chakavu, bosi atapiga kelele, tutafunika, maisha yataendelea.

Kilichofuata sikukiona, niliambiwa baadaye na Papa Neema mwenyewe. Umeme ulirudi jioni. Shaibu alikuwa amembakiza. Wakawasha mashine wakaendeleza kona pale pale ilipokuwa imesimama. Nundu wakaipasha kwa mtungi wa gesi, wakaipiga nyundo, kisha wakapitisha greinda mpaka ikalala. Wakapaka rangi.

Asubuhi nafika, kona zote zimejipanga, nyekundu, nzuri, kama wanafunzi siku ya paredi.

Nikazihesabu. Zilikuwa zimetimia.

Wakuu, mimi ni mtu wa kushika vitu. Nikapitisha kiganja kwenye mgongo wa kila kona. Zilikuwa laini. Nikafika moja, kiganja kikakwama. Kwa macho huoni kitu, rangi imefunika, ila mkono unasikia kama mshipi chini ya shati.

Tuna kifaa cha kupima unene wa chuma. Unapaka jeli kidogo, unagusa, kinakupa namba. Shaibu ndiye hupima kabla mzigo haujatoka, na kila anapopima huweka alama ya chaki. Nikazifuata chaki zake. Zimezunguka kona yote kwa mpangilio mzuri, na zilipofika kwenye mshipi zikaruka. Alipima huku, akapima kule. Vipimo vyake vyote vilikuwa vya kweli. Mahali pagonjwa tu ndipo hakugusa.

Mimi nikagusa. Namba iliyotoka ilikuwa chini ya ile tunayoambiwa ndiyo mwisho wa kukubalika, na haikuwa chini kwa kidogo. Bomba lilikuwa limeshavutwa, kisha greinda ikala kilichobaki.

Papa Neema aliniona. Aliinamisha kichwa tu.

Nikamfuata Shaibu kwenye kontena analofanya ofisi.

"Kaka Shaibu, ile kona ya jana imepakwa rangi."

"Ulitaka nipake hina?"

"Ile si ya kutoka. Nimeipima."

"Nani kakutuma upime?"

"Hakuna aliyenituma. Hilo ni bomba la gesi, kaka."

Akafunga mlango. Akaniambia kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionitia hasira kuliko angenitukana. "Mdogo wangu, sikiliza. Bosi akijua tumeanza kona radi inapiga, Papa Neema anaondoka leo. Watoto wanne. Umewahi kula kwake, sivyo? Sasa nenda kafanye kazi. Tunafunika."

Nikamwambia, "Papa Neema hakutaka kuanza. Wewe ndiye uliyesema washa."

Akasema, "Eish. Wewe ndiyo maana shule ilikushinda. Hujui swali la kuacha."

Lori likaja, likapakia, likaondoka. Nilisimama getini na midomo yangu imefungwa, kwa ajili ya watoto wa Papa Neema.

Sasa nitawaambia kuhusu Baraka.

Baraka ni kijana wa Tukuyu. Tunaishi naye Joubert Park, chumba kimoja tumekigawa kwa pazia, upande wake una picha za mpira, upande wangu una vyuma nilivyookota. Baraka ni kibarua wa wale wanaofunga bomba huko Midrand. Nilijua kwamba yuko saiti ya mikate, ila sikujua kazi yake hasa.

Siku chache baadaye karudi ana furaha. Kaweka mkate na maziwa mezani, kaniambia kapandishwa. Wamemaliza kuunganisha, kesho wanalijaribu bomba, na yeye kapewa chupa ya sabuni.

Kwa wasiojua: bomba la gesi huku wengine hulijaribu kwa hewa, maana maji yakiingia ni tabu kuyakausha. Wanalijaza hewa kwa nguvu, kisha mtu anapita anapuliza maji ya sabuni kwenye maungio. Pakitoa povu, panavuja. Bomba lililojaa maji likipasuka unalowa. Lililojaa hewa likipasuka ni bomu. Kipande cha chuma kinaruka na chochote kilicho mbele yake.

Kwa utaratibu watu wanatakiwa wakae mbali mpaka presha ipunguzwe. Baraka akaniambia wao wana haraka, supavaiza wao kasema watapita hivyo hivyo.

Nikamuuliza, "Huko utakakopita na sabuni kuna kona?"

"Ziko mbili, kwenye kichochoro cha kuingilia. Pale ndipo ninaanzia. Kwa nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anatafuna. Mwisho akasema, "Kaka, wewe na mabomba yako. Si yamepimwa?"

"Yamepimwa pembeni."

"Sasa nikimwambia supavaiza mimi sipiti pale, si atampa chupa mwingine?"

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu alikuwa sahihi. Baraka akikataa, atapita Mmalawi, au Mzimbabwe, au nani. Kona haichagui.

Nikampigia Shaibu. Nikamwambia nakupa nafasi, piga simu saiti, sema kuna kona moja imekosewa, mtaileta nyingine. Useme lolote, sema hata rangi imekosewa.

Akaniambia, "Ukikanyaga Midrand, usikanyage tena kwangu. Na ujue utakuwa umemfukuzisha nani."

Nikakata simu. Yule mtu alikuwa ameweka watoto wa mwenzake mbele yake kama ngao, na ananiambia mimi ndiye nitakayewapiga.

Asubuhi nikaondoka na Baraka. Getini mlinzi akanikatalia, sina kofia ngumu, sina kitambulisho cha saiti. Nikabishana naye kwa Kizulu changu cha kuokoteza mpaka gari jeupe likasimama nyuma yetu. Ndani kuna dada mmoja, injinia wa mwenye kiwanda, kijana, anaonekana hajalala vizuri. Akashusha kioo akauliza kuna nini.

Kiingereza changu ni cha kuunga unga. Nikamwambia, bomba lako, kona moja, ilisimama kwenye moto, wakaipaka rangi, mimi nilikuwepo.

Nilitarajia anifukuze. Akasema, "Nionyeshe."

Tulipita kichochoroni, nikafumba macho nikapitisha kiganja. Kona ya kwanza nzima. Ya pili, mshipi ule pale. Nikamshika mkono, samahani kwa hilo, nikauweka juu yake. Akatuma kifaa kiletwe, akapima palepale, akapima tena, akafuta jeli, akapima mara nyingine kama mtu asiyetaka kuamini macho yake.

Kisha akamgeukia supavaiza na kusema mashine ya hewa isiwashwe, watu wote watoke kwenye kichochoro, ile kona ikatwe.

Baraka alikuwa amesimama na chupa yake ya sabuni mkononi.

Yule dada akaniuliza swali moja: huko kwenu karakana, hakuna mtu mwingine aliyejua?

Wakuu, nilijua jibu. Ila nilikosa maneno yake kwa Kiingereza. Unamwelezaje mtu neno kufunika? Nikasema tu, "They knew." Akatikisa kichwa akaondoka.

Mnadhani hadithi imeisha vizuri. Bomba limekatwa, Baraka mzima, mwovu kaumbuka.

Sikilizeni sasa.

Mteja alimpigia bosi. Bosi akaja juu kama mafuta ya kukaangia magwinya, yale maandazi ya huku. Nilipofika karakana alikuwa amewakusanya wote uani, na mimi akaniambia nibaki nje ya geti. Akanipigia kelele kupitia nondo: kama ulikuwa na la kusema, ungeniambia mimi kabla ya kwenda kwa mteja wangu. Hapo ana hoja, na naichukia hoja hiyo. Ila angemsikiliza nani, mimi au fomeni wake?

Akauliza nani alianza kona radi inapiga.

Nikajibu kwa sauti kutoka nje ya geti, "Shaibu ndiye aliyesema washa."

Bosi akawageukia wengine. Mrundi akaangalia viatu. Wale Watanzania wawili wakaangalia viatu. Watu waliokuwa mita chache tu kutoka kwenye mashine, waliosikia ule utani wa volkano na kuucheka.

Shaibu akasema, polepole, kwa masikitiko ya kuigiza, kwamba yeye alikuwa kwenye kontena. Aliposikia mashine inaunguruma alikuwa amechelewa, na asubuhi alipozipima kona, kila alipogusa namba ilikuwa nzuri.

Bosi akamuuliza Papa Neema, ni kweli?

Papa Neema alishika kofia yake kwa mikono miwili. Akasema kwa Kiingereza chake, "It was me, boss. I start."

Akafukuzwa hapo hapo. Shaibu bado ni fomeni mpaka ninavyoandika hivi.

Yaani desturi ilifanya kazi yake sawasawa. Ilifunika. Iliwekwa kwa ajili ya mnyonge asiye na makaratasi, na siku ya siku ikamfunika mwenye nguvu na kumtoa mnyonge nje.

Jioni nilikwenda kwa Papa Neema. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Hakunikaribisha ndani, tuliongea kwenye ngazi. Mkewe alikuwa anakaanga samaki, watoto wanabishana kwa Kizulu, Kiswahili wanasikia tu.

Nikamuuliza kwa nini. Kwa nini umekubali.

Akasema, "Mimi nikisema ni Shaibu, kesho nani atanipatia kazi ingine? Weye? Shaibu amesema atanitafutia fasi. Ye ndiye anajuaka bakubwa."

"Papa, yeye ndiye aliyekuponza."

"Najua." Kisha akasema neno ambalo sijaweza kulimeza mpaka leo. "Weye ulikuwa na haki. Sasa batoto bangu bakule haki yako?"

Alifunga mlango taratibu, bila hata kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Tangu siku hiyo nimetolewa kwenye group la WhatsApp la Waswahili wa mtaani. Kabla ya kutolewa niliwahi kusoma watu wananiita muuza ndugu, kibaraka wa wenyeji. Mwingine akaandika huyu ndiye anayetufanya tuchukiwe huku. Kwenye ngazi za jengo letu, watu niliowasaidia kubeba magodoro wananipita kama nguzo.

Mama mmoja wa Kitanzania anayeuza vitumbua pale chini aliniambia, "Mwanangu, ungekaa kimya kingetokea nini?"

Ungekaa kimya kingetokea nini. Ndilo swali lao wote, na wanaliuliza kwa sababu hakikutokea.

Hata Baraka. Wakati ile kona inakatwa na mpya inasubiriwa, saiti ilisimama, vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Alirudi kanuna. Nikamwambia, Baraka, ungekuwa umekufa. Akalala kwenye kitanda chake, akageukia ukuta, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Labda ingeshika, kaka. Vyuma vingapi vibovu vimeshika."

Labda ingeshika. Siwezi kumbishia. Chuma kibovu kinaweza kukaa miaka, na kinaweza kukaa dakika. Mimi sikutaka tujue ni ipi huku yeye kasimama mbele yake. Lakini kwa kuwa hatukujua, Shaibu anatembea mjini kifua mbele akisema kona ile ingeshika, na mimi sina cha kumwonyesha mtu. Ushahidi pekee ambao wangeukubali ni maiti ya Baraka.

Hilo ndilo linaloniwasha, wakuu. Ningenyamaza na Baraka akafa, watu hawa hawa wangechanga wasafirishe mwili, wangelia, wangesema kazi ya Mungu haina makosa. Shaibu angekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Na mimi wangenipa mkono wa pole.

Funzo nililopata naliandika kama lilivyo, halijapigwa msasa. Kumfunika mwenzako ni jambo jema mpaka pale kinachofunikwa kinapoweza kumuua mtu mwingine. Na kabla hujafunika, uliza ni nani hasa yuko chini ya hilo shuka. Sisi tulidhani ni Papa Neema.

Natafuta kibarua kwingine, nimesikia kuna jamaa wanatengeneza matangi upande wa Germiston, nataka nione wanavyokunja bati nene. Papa Neema bado hajapatiwa ile fasi aliyoahidiwa. Nikipata pa kuingia, nitamwomba aje, kama atakubali kunisikiliza.

Uwanja ni wenu. Najua watakuja wa kusema ningefunga mdomo, na nawakaribisha bila kinyongo. Nawaomba kitu kimoja tu: kabla hujaandika, fikiria chupa ile ya sabuni wamekupa wewe, au mdogo wako, na hewa imeshajazwa. Kisha niambie ungependa mimi niwe wapi asubuhi hiyo.